Tela Lisilo na Kaka

Juzi kijana mmoja alisimamisha pikipiki mbele ya baraza yangu hapa Magomeni, akaomba maji ya kunywa. Nyuma alikuwa amefunga tela lililochomelewa kwa mabomba, na magunia ya mkaa ameyarundika yote mkiani. Alinipa shikamoo yake vizuri, nikaitikia, kisha nikamwambia, "Mwanangu, tela lako halina kaka." Akacheka kwa adabu, kicheko kile mnachotuchekea sisi wazee mkidhani akili zimeanza kuhama. Akarudisha kikombe, akashukuru, akaondoka. Nikalitazama lile tela likitingisha makalio mpaka kwenye kona, nikaona bora niandike, maana koo langu haliwezi tena kuwapigia kelele barabarani.

Mimi nilikuwa fundi wa mikokoteni. Kibanda chetu kilikuwa Kariakoo, ubavuni mwa Mtaa wa Msimbazi, na miaka ninayoisimulia ni ile ya hamsini na kitu, Mwingereza akiwa bado anatutawala. Nazi, muhogo, papa mkavu, mchele, kila kilichoingia sokoni kilisukumwa na mahamali juu ya magurudumu, na mengi ya magurudumu hayo yalipita mikononi mwetu. Siwaambii haya ili mnipigie makofi. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine, ina akili yake na ina ujinga wake, na leo nimekuja na ujinga.

Mwenye kibanda alikuwa Mzee Kondo, Mzaramo mfupi, mkali, mwenye masikio ya kusikia nati inayolegea mtaa wa pili. Ndiye aliyenifundisha kazi. Sheria yake ilikuwa moja: mkokoteni ukishapakiwa, mpini lazima uelee. Ekseli ikae katikati kabisa, ili mzigo wa mbele na wa nyuma umalizane wenyewe kwa wenyewe, na hamali abaki na kusukuma tu, si kubeba. Kila mkokoteni ulipokamilika aliupakia magunia, akaushika mpini kwa kidole chake kidogo cha mwisho, akauinua mbele ya watu.

"Mmeona?" alikuwa akisema. "Hata bibi harusi na hina yake mbichi anausukuma huu."

Mahamali walivuka mitaa kadhaa kuja kwetu kwa ajili ya kile kidole. Kulikuwa na fundi mmoja Gerezani aliyewahi kutengeneza mkokoteni wenye ekseli iliyorudi nyuma kidogo. Hamali wake alirudi na mabega yamechubuka, na Mzee Kondo alimcheka yule fundi msimu mzima, mpaka mke wake mwenyewe akamwambia sasa basi. Nayasema haya mjue tulikuwa watu wa aina gani. Katikati ndiyo ilikuwa dini yetu ya kazi, na hakuna aliyewahi kuuliza katikati ya nini, kwa ajili ya nani.

Sasa niwaambie habari za Issa. Issa Mkwanda alikuwa mtu wa Masasi, hamali, mteja wetu wa siku nyingi. Wakati wa vita kuu alikuwa jeshini akipeleka barua kwa pikipiki kutoka kambi hii hadi ile, akarudi bila mkwaruzo. Kisha hapa hapa mjini, mkokoteni wa chumvi ulimponyoka mtu kwenye mteremko ukambana Issa ukutani. Vita ilimwacha mzima, chumvi ikamvunja. Goti la kushoto lilipona likiwa limenyooka, halikunji. Mguu huo ulitosha kukanyagia breki, lakini kusukuma mkokoteni haukutosha kabisa.

Alikaa miezi kwenye chumba chake cha kupanga huku Magomeni, wenzake wakimletea chakula. Hakuwa mtu wa kulalamika. Karani mmoja wa Kigoa, ambaye Issa alikuwa akimbebea mizigo, alipokuwa anahama alimwachia pikipiki ya zamani ya jeshi iliyokufa. Issa aliitandika vipande vipande juu ya mkeka, mguu umenyooshwa pembeni, akaanza kuifufua. Majirani walidhani anajipotezea mawazo. Siku ilipounguruma, kuku wa mtaa mzima walipanda mapaani.

Ndipo kaka yake alipofika kutoka Masasi. Bakari alikuwa mkulima wa korosho, mtu wa mwili mkubwa, kanzu safi, mpole wa sauti. Alikuja na jambo moja tu, kumchukua mdogo wake.

"Huku wanaishi wenye miguu miwili," alimwambia mbele yetu kibandani. "Wewe umebaki na mmoja na nusu. Twende nyumbani. Chakula kipo, watoto wangu watakutunza."

Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililomtesa Issa. Baadaye, Bakari alipotoka kutafuta kahawa, Issa alinigeukia.

"Fundi, nikienda nitakaa uani natazama kuku mpaka nife. Njaa siiogopi. Naogopa wale kuku."

Lakini kichwa chake kilikuwa tayari na mpango. Wauza samaki wa sokoni na wauza soda wa Magomeni walikuwa wanahangaika na barafu. Ilitoka kiwandani upande wa bandarini kwa mkokoteni, na ilipofika ilikuwa imebaki kipande cha kuoshea uso. Pikipiki ingeifikisha nzima. Akamwambia Mzee Kondo maneno ambayo nayakumbuka vizuri, kwa sababu ndiyo yaliyotuponza: "Nifungieni mkokoteni nyuma ya pikipiki."

Bakari alisikiliza akiwa na kikombe chake mkononi, akafikiri, akasema ni haki kumpa mtu nafasi. Lori la kwenda kusini lilikuwa linaondoka Jumamosi. "Mpaka Ijumaa jioni," alisema. "Nikiona barafu imefika Magomeni nzima, na wewe mzima juu yake, nitaondoka peke yangu na sitasema neno. Ikishindikana, Jumamosi tunapanda lori wawili."

Issa akakubali. Wakapeana mikono kama watu wasiojuana.

Hapa niwaambieni tulivyolijenga lile tela, maana sehemu kubwa ya ile kazi ilikuwa nzuri na sitaki mwitupe yote. Magurudumu, ekseli na springi tulivitoa kwenye gari dogo lililokufa nyuma ya soko. Kitanda cha chini kilikuwa mbao za mvule. Juu yake tukaweka sanduku lenye kuta mbili, za mbao za masanduku ya chai, katikati tukashindilia unga wa mbao ili joto lisipite, na ndani tukapiga bati. Chini tukatoboa tundu la maji ya barafu inayoyeyuka. Mlango tuliuweka nyuma, kwa urahisi wa kupakia na kupakua. Ule mti wa kuvutia, unaotoka kwenye tela kwenda kwenye pikipiki, tuliufanya kwa bomba nene tukauita shingo.

Kilichotusumbua zaidi ni kiungo. Pikipiki ikikata kona inalala ubavu, tela halilali. Mkiziunganisha kwa bolti iliyokazwa, moja itaivunja nyingine. Tukatumia kulabu na pete kubwa, ili pikipiki ilale na kuinuka inavyotaka na tela lisijue, na chini yake tukapitisha mnyororo, ili kulabu ikikatika tela lisiende kumsalimia mtu jikoni kwake. Mnyororo huo msiusahau. Ninyi wa sasa mnachomelea kila kitu, mnaamini moto kuliko mnavyoamini mnyororo, na moto unadanganya.

Wa kuchomelea tulimtumia Kalasinga jirani yetu. Alipokuja na vifaa vyake alizunguka tela, akainama, akatazama ekseli.

"Katikati?" akauliza.

"Katikati," akajibu Mzee Kondo.

Kalasinga akainua mabega, akavaa miwani yake myeusi, akachomelea alipoonyeshwa. Kila fundi na kibanda chake.

Lilipokamilika, Mzee Kondo alipakia mawe ndani ya sanduku, akaiweka shingo juu ya kidole chake kidogo. Shingo ikaelea. Watu wakashangilia, mimi nikiwemo. Bakari alikuwa amesimama nyuma ya umati, kofia yake ikionekana juu ya vichwa vya wote, naye hakushangilia wala hakununa.

Jumatano Issa akapakia barafu. Mjini kwenye msongamano alikwenda polepole, hapakuwa na tatizo. Mimi na Bakari tulitangulia kwenda kumsubiri kwenye mteremko wa bonde la Msimbazi, pale barabara inaposhuka kabla ya kupanda kuja Magomeni. Tukamwona anatokea juu, amekaa wima kijeshi, mguu mmoja umenyooka mbele kama mpini. Akaanza kushuka, mwendo ukaongezeka, na tela likaanza kucheza. Kwanza kidogo, kushoto, kulia, kama mtu anayekataa kwa kichwa. Kisha likashika kabisa, mkia unakwenda huku, pikipiki inatupwa kule, mpaka vyote vikaingia mchangani. Vipande vya barafu vikatawanyika, na watoto wakavifikia kabla yetu.

Issa aliumia kiwiko tu. Bakari alimwokotea kofia yake, akaikung'uta mchanga polepole, akamvalisha. Hakusema lolote kuhusu Jumamosi, na ingekuwa nafuu kama angesema.

Siku iliyofuata tulishinda kibandani tukitafuta mchawi. Mimi nilisema ni upepo wa matairi, haulingani. Mwingine akasema ekseli imepinda. Mzee Kondo alimlaumu dereva: "Umezoea kubeba barua, wewe. Barua haina makalio." Tukajaza upepo, tukanyoosha ekseli isiyopinda, tukakaza springi. Jioni Issa akajaribu tena kwa mzigo wa mawe, na likacheza vile vile, akalisimamisha kabla ya kuanguka. Alikaa pembeni ya barabara akilitazama tela lake, naye alikuwa na sura ya mtu anayewasikia kuku.

Ijumaa asubuhi, barafu ikiwa imeshapakiwa, Bakari alikuja akiwa amejifunga kanzu kiunoni.

"Leo tunakwenda wote," alisema. "Akianguka, nianguke naye. Mama atanihoji, na sitaki kumwambia nilikuwa nimesimama natazama."

Nyuma kulikuwa na mlango wa sanduku, hapakaliki. Akakaa mbele, juu ya ubao pale shingo inapoanzia, mgongo ameegemea sanduku, mikono miwili imeshika kingo. Mimi niliazima baiskeli nikawafuata. Na tela likatulia. Mteremkoni nilikanyaga pedali kwa nguvu zangu zote ili nisikose kuona ajali, na ajali haikuja. Likashuka limenyooka, likavuka bonde, likapanda. Barafu ilifika Magomeni ina pembe zake zote nne, na wauza soda wakaja kuipapasa kama ng'ombe wa mnadani.

Issa alicheka siku ile, mara ya kwanza tangu chumvi. Mzee Kondo alipopelekewa habari alisema ni zile springi alizokaza yeye.

Baada ya sala ya Ijumaa wauza soda wakataka mzigo mwingine. Bakari alikataa kupanda. "Sasa nimeamini, ila ya asubuhi haihesabiki, tulikuwa wawili. Nenda mwenyewe, mimi nikutazame kutoka chini." Tukasimama tena pale pale mteremkoni, mimi na yeye, na safari hii Mzee Kondo alikuwepo, amekuja kuzitazama springi zake. Issa akatokea juu. Akaanza kushuka, na tela likaanza kukataa kwa kichwa. Aliwahi kulizuia, akasimama kando ya barabara, akashuka, akakaa mchangani na mguu wake ule mbele yake. Hakumtazama mtu yeyote. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea upande wa Magomeni, na mkataba ulikuwa mpaka jioni.

Mzee Kondo alizunguka tela akigonga hapa na pale. Ndipo nikamwona Bakari. Alikuwa anatazama ule ubao wa mbele alipokaa asubuhi, kisha anamtazama mdogo wake, kisha ubao tena. Baadaye nilielewa kilichokuwa kinapita kichwani mwake. Angenyamaza tu, bila kusema uongo wowote, Jumamosi angekaa kwenye lori na mdogo wake ubavuni, na ndilo jambo alilolifuata kutoka Masasi.

"Nilipokaa mbele," alisema, "lilitulia."

Mzee Kondo akageuka. "Unasema?"

"Asubuhi nilikaa hapa." Akaupiga ule ubao kwa kiganja. "Lilitulia. Sasa sipo, linacheza. Springi ni zile zile, mzee wangu."

"Wewe ni mkulima, bwana. Shingo ikilemewa, anayevuta anachoka."

"Anachoka nani?" Bakari akauliza kwa upole. "Pikipiki?"

Mzee Kondo alikitazama kile kidole chake kidogo. Mwisho akasema, kwa sauti ya mtu anayemsikitikia mgonjwa, "Basi panda, tuone." Bakari akapanda mbele, Issa akashuka naye mpaka chini, tela limetulia tuli. Wakarudi juu, Bakari akakaa juu ya sanduku, mkiani kabisa. Hawakufika hata robo ya mteremko, tela lilianza kurusha mateke na yule bwana mkubwa akaruka na kanzu yake yote.

Ikawa wazi hata kwangu. Mkokoteni unasukumwa na mtu, kwa mwendo wa mtu, na mtu anachoka. Pikipiki haichoki mabega. Inachotaka ni shingo iilalie kidogo, ili tela lijue linamfuata nani. Sisi tulimsikia Issa akisema mkokoteni, tukampa mkokoteni, tena mzuri kuliko yote, na uzuri wake ndio uliokuwa unamwangusha. Tulijaza gunia mchanga tukalifunga mahali pa Bakari. Barafu ilikuwa imepungua lakini ilifika, na Issa alikuwa mzima juu yake, na jua lilikuwa bado lipo.

Nilimpenda Bakari tangu saa ile, na nilimwonea huruma pia. Jumamosi tulimsindikiza kwenye lori, akapanda peke yake kama alivyoahidi. Maneno yake ya mwisho kwa Issa yalikuwa "Usikimbize." Issa alilia mbele za watu bila kujificha, mpaka makuli wakageuza nyuso zao upande mwingine.

Lile gunia sisi tuliliita kaka. Halikuwa fumbo, lilikuwa limekalia mahali pa kaka. Mteja akileta tela linalocheza, tulimwuliza, "Kaka yupo?" Mtu akipakia vibaya, tulimpigia kelele, "Hilo halina kaka!" Watengenezaji wengine wakalichukua neno bila kujua lilikotoka. Matela yaliyofuata tulirudisha ekseli nyuma kidogo, mzigo wenyewe ukawa ndiye kaka. Mzee Kondo hakukiri hata siku moja kwamba alikosea. Alisema tu kuna matela ya aina mbili, la kawaida na la Masasi, na tangu hapo akawa anatengeneza la Masasi peke yake.

Basi, mwanangu wa mkaa, na wenzako. Mzigo mzito uwe mbele ya ekseli, mwepesi nyuma. Kabla ya kufunga, inua shingo kwa mkono. Ikiinuka kwa kidole, pakua upange upya. Ikikushinda kabisa, pia pakua, maana kaka akizidi uzito pikipiki inainua uso na usukani unakuwa pambo. Unatakiwa uinue na usikie mkono umefanya kazi. Na ukipakua njiani anzia mkiani, usimshushe kaka kwanza ukaacha mkia umejaa. Wengi nimewaona wakiangukia hapo, mzigo umebaki nusu na wao wamejisahau.

Issa alibeba barafu miaka mingi, akaoa huku huku. Misimu kadhaa baada ya yale, asubuhi moja tulikuwa tunakagua tela la mteja kibandani, na Issa alikuwepo amekuja kupaka grisi magurudumu yake. Mwenzetu mmoja akaguna kwa sauti, "Hili halina kaka! Kaka yuko wapi?"

"Nipo," ikajibu sauti mlangoni.

Alikuwa Bakari, ameshuka kwenye lori na mfuko wa korosho begani, amesikia anaitwa na hajui kwa nini. Kibanda kizima kilikufa kwa kicheko, isipokuwa Issa, aliyekuwa ameshika kopo la grisi na machozi yamemjaa machoni. Ikabidi Mzee Kondo amweleze mgeni. Alieleza kwa kifupi, akitazama kwingine.

Bakari alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka korosho chini, akaenda kwenye tela la Issa, akaliinua lile gunia la mchanga kwa mikono miwili, akalipima juu na chini.

"Hiki ndicho mimi?"

"Ndicho wewe, kaka," Issa akasema.

Akalirudisha mahali pake taratibu, akalipapasa. "Niongezeni mchanga," alisema. "Sikuwa mwepesi hivi."

Issa akaweka kopo chini, akachukua sepetu, akatoka na mguu wake ulionyooka kwenda kuchota.